Re: Klabu ya mijadala imebaki na watu wanne

Jambo ndugu. Unasema hapo Bukavu mlianza 30, sasa mnabaki 4, na unataka kupandisha mchango mnunue fulana. Acha fulana kwanza! Angalia saa ya mkutano. Sisi tulikuwa tunakutana saa kumi na moja jioni. Mwenye kurudi mitaa ya mbali kama Bagira au Panzi aliwaza giza na matope, si hoja. Tulipohamia saa sita mchana, katikati ya masomo, wengi walirudi bila kubembelezwa. Mchango tuliufuta mpaka mtu ahudhurie mara tatu. Halafu lugha: Kifaransa kitupu kinawaziba midomo wale wa mwaka wa kwanza. Tulifungua kwa Kiswahili, Kifaransa kikaja chenyewe. Ukumbi, mwambie CP wenu (chef de promotion, kiongozi wa darasa) auombe, tena kwa barua.