Matege ya mguu mmoja: tungoje au tupasue?

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka miwili na miezi minane. Alianza kutembea akiwa na miezi tisa, tukafurahi sana. Sasa mguu wa kushoto umepinda chini ya goti, na akitembea goti linachomoka kwa nje. Zahanati ya kwanza walisema ni maji yetu ya huku Njoro, wakampa kalsiamu miezi mitano. Daktari mwingine alipiga eksirei, akapima akasema pembe ni digrii 17, ni ugonjwa wa Blount, na huenda akakatwa mfupa. Shosho yake anasema watoto wake wote walikuwa na matege na wote wakanyooka. Nimwamini nani? Na upasuaji wenyewe hufanywaje? – Mama wa Njoro

JIBU: Pole kwa mizunguko, mama. Nianze na shosho, kwa sababu hakusema uongo. Karibu kila mtoto huzaliwa na matege. Kufikia mwaka mmoja na nusu au miwili miguu hunyooka, halafu hupitiliza upande wa pili: wa miaka mitatu au minne magoti hugongana, mama mwingine akaanza kulia upya. Kufikia miaka saba hivi miguu huwa imekaa kama itakavyokuwa ukubwani. Salenius na Vankka wa Finland walipima watoto zaidi ya elfu moja na kuchapisha mwenendo huo mwaka 1975, na ndio tunaoufuata hadi leo.

Sasa mweke binti yako kwenye safari hiyo. Umri wake ni wa magoti kuanza kugongana, naye bado yuko kwenye matege, tena mguu mmoja. Watoto wa shosho walipinda miguu yote miwili, sivyo? Muulize. Hapo ndipo ninapotengana naye.

Kuna jambo unaloweza kulitazama nyumbani jioni hii. Mlaze mtoto chali, kofia za magoti zitazame dari. Funika kwa leso sehemu ya chini ya mguu, kuanzia katikati ya muundi hadi kwenye vidole, ubaki ukiona paja, goti na ile sehemu ya juu ya muundi tu. Kwa mtoto mwenye matege ya kawaida, kipande hicho cha juu huelekea nje kidogo ukilinganisha na paja, kwa maana pindo lenyewe liko chini zaidi na limesambaa. Kikiwa kimenyooka sambamba na paja, au kinaingia ndani, basi pindo liko palepale chini ya goti, na huyo ni wa kupelekwa akapimwe. Usiandike ugonjwa kwa leso, lakini nami kliniki huanza hivyohivyo, kwa kiganja.

Blount alikuwa daktari wa mifupa wa Milwaukee, Marekani, aliyeueleza ugonjwa huu kwa kina mwaka 1937. Juu ya mfupa wa muundi, karibu na goti, kuna gegedu laini ambalo ndilo linalorefusha mfupa. Mtoto mzito kidogo, aliyewahi kusimama wakati miguu bado ina matege, uzito wake wote hutua upande wa ndani wa gegedu hilo. Likibanwa sana hupunguza mwendo, huku upande wa nje unaendelea kukua. Mfupa unapinda, ukipinda uzito unazidi kuangukia ndani, na gegedu linazidi kubanwa. Umeona boda boda wa Molo aliyefunga gunia la viazi upande mmoja? Kila shimo la barabarani linalivuta gunia chini zaidi. Ndiyo maana hali hii haingoji kama matege ya kawaida. Kwa hiyo miezi tisa mliyoifurahia huenda ilichangia, ila usijilaumu. Hakuna mzazi anayemkalisha chini mtoto anayetaka kutembea.

Kuhusu maji. Ni kweli floraidi, madini yaliyomo majini, ni tatizo la Nakuru, na meno ya kahawia mnayajua kuliko mimi niliye Kisumu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinavuka hapo. Lakini floraidi huchukua miaka kuharibu mifupa, na haichagui mguu wa kushoto ikaacha wa kulia. Upungufu wa vitamini D, uletao riketsi, nao hupinda miguu yote miwili kwa kawaida, vifundo vya mikono huvimba, na kwenye eksirei ncha za mifupa huonekana pana, zimechanikachanika kama ukingo wa mkeka uliokatika. Kipimo cha damu cha kalsiamu, fosfeti na alkalaini fosfatesi hulimaliza jambo hilo. Kama hakikufanywa kabla ya kalsiamu ya miezi mitano, kifanywe sasa, maana sitamkata mfupa mtoto mwenye riketsi isiyotibiwa. (Na maji ya floraidi msiyachemshe mkidhani mnayasafisha. Maji yanapungua, floraidi inabaki.)

Sasa tuje kwenye ile digrii 17, na hapa nitakaa kidogo.

Pembe hiyo hupatikana kwa kuchora mstari unaounganisha midomo miwili ya mfupa chini tu ya gegedu, wa ndani na wa nje, kisha kuulinganisha na mstari uliokata shina la mfupa kwa pembe mraba. Ikiwa chini ya digrii 10, miguu mingi hunyooka yenyewe. Ikizidi 16, mingi huendelea kupinda. Katikati ni pa kungoja na kurudia picha baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo 17 ni nambari ya kuheshimiwa, ila imevuka mstari kwa digrii moja tu, na digrii moja hupotea kirahisi kwenye picha iliyopigwa vibaya.

Yalinikuta mimi. Miaka yangu ya mwanzo nililetewa mvulana wa miaka miwili, pembe digrii 17 kamili, nikaanza kuwaandaa wazazi kwa upasuaji. Usiku nikaitazama tena ile filamu. Kofia ya goti, ambayo kwa umri huo huonekana kama kivuli hafifu tu, ilikuwa pembeni badala ya katikati. Mpiga picha alikuwa amepanga nyayo zitazame mbele, kama askari kwenye gwaride, na kwa kuwa muundi wa watoto hawa umejisokota kwa ndani, magoti yakageukia nje na pindo likaonekana kubwa kuliko lilivyo. Tulirudia akiwa amesimama, magoti yakitazama mbele, nyayo zikiangalia zinakotaka. Digrii 11. Akiwa na miaka minne magoti yake yalikuwa yanagongana vizuri kabisa.

Basi kabla ya lingine lolote, omba picha ya kusimama, kuanzia nyonga hadi kifundo, magoti yakitazama mbele. Mtoto akilia, mama avae lile vazi zito la kujikinga na miale amshike, usikubali alazwe kwa ajili ya urahisi. Mguu uliolala hauonyeshi kinachotokea ukibeba uzito.

Tuseme picha mpya inarudi na 17 au zaidi. Chini ya miaka mitatu tunaweza kujaribu vyuma vya mguu, kuanzia pajani hadi kiatuni, avivae anapotembea. Mimi huvitumia, lakini bila imani kubwa: wengi walionyooka ndani yake huenda wangenyooka bila hivyo. Mwaka mmoja bila mabadiliko unatosha kuviacha. Kinachonikimbiza ni siku ya kuzaliwa ya nne. Kabla ya hapo, mfupa ukikatwa na kunyooshwa vizuri, mara nyingi gegedu hupona likaendelea kukua. Baada ya hapo huweza kuunga daraja la mfupa upande wa ndani, upande huo ukaacha kukua, na kila mwaka unaoongezeka ni upasuaji mgumu zaidi, wa kurudiwa.

Upasuaji wenyewe huanza kwa dawa ya usingizi. Kwanza tunakata fibula, ule mfupa mwembamba wa nje, la sivyo utazuia kila kitu. Kisha tunaukata muundi chini ya pale kano ya goti inaposhika, kusudi tusiguse ukuaji. Sehemu ya chini tunaizungusha kwa nje kuondoa msokoto, na tunaipeleka kupita mstari ulionyooka, digrii 5 hadi 10 upande wa magoti kugongana. Wazazi wengi hushtuka plasta ikitoka: “Daktari, mbona sasa umepinda huku?” Ndivyo tulivyokusudia. Uzito uhame kutoka ndani kwenda nje, gegedu lipumue. Vyuma vyembamba hushika mfupa, na plasta hukaa wiki sita hadi nane.

Hatari iliyo kubwa ni uvimbe ndani ya misuli siku mbili za kwanza, ambao unaweza kubana damu na neva. Wengi wetu hufungua utando wa misuli palepale ili kuuzuia. Hata hivyo, mama ndiye mlinzi mzuri wodini. Mwambie mtoto akuinulie kidole gumba cha mguu. Akishindwa, au akipiga kelele ukivinyoosha taratibu vidole vyake vya mguu, muite nesi saa hiyohiyo, hata kama ni saa tisa usiku na umeambiwa ni deko.

Kuna pia kibati kidogo chenye skrubu mbili kinachofungwa upande wa nje wa gegedu kupunguza kasi yake. Upasuaji ni mdogo, lakini upande wa ndani lazima uwe bado una uhai, na kwa watoto wazito skrubu huvunjika. Kwa binti yako nisingeanza nacho.

Si lazima uje Kisumu. Nakuru kwenyewe kuna madaktari wa mifupa katika hospitali ya kaunti, ile mnayoita PGH, na hospitali ya watoto ya Kijabe inafanya kazi hii mara kwa mara. Eldoret, hospitali ya Moi, pia. Dawati la SHA, bima ya afya ya serikali, liulize kuhusu idhini kabla ya tarehe kupangwa, isiwe asubuhi ya kulazwa. Baadaye utarudi kliniki kila mwaka hadi amalize kukua, maana pindo linaweza kurudi.

Na ile picha ya zamani usiitupe hata kama ilipigwa vibaya. Nenda nayo pamoja na mpya, daktari aziinue zote mbili kwenye mwanga, atazame kofia ya goti ilikuwa wapi.