Ubao unagoma katikati ya mashine ya randa
Usikimbilie mota. Kama visu vinazunguka ila ubao haupiti, anza na meza: utomvu wa msonobari ukiganda pale, rola (silinda inayovuta ubao) haina nguvu ya kuupitisha ubao. Chomoa plagi, futa kwa mafuta ya taa, ikikauka paka nta ya mshumaa. Oili hapana, inaingia kwenye mbao na gundi haishiki. Rola ya chuma isugue meno kwa brashi ya waya (ya mpira usiiguse na mafuta ya taa, itavimba). Springi zake zikazwe sawa pande zote, rola ikae nusu hadi milimita 1 chini ya ncha za visu. Mashine ikitoa vumbi badala ya maranda, visu ni butu.