Kununua parsela ya kwanza ya kupangisha ukiwa na deni lililowahi kuchelewa

Swali: Jambo Baba. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Lubumbashi, katika kampuni ndogo inayofanya kazi za migodini, na mshahara wangu ni dola 700 kwa mwezi. Mwaka 2022 nilikopa dola 2,500 nikanunua pikipiki mbili za taksi. Moja iliibwa, nikachelewa kulipa kwa miezi saba, lakini mwaka 2023 nilimaliza. Sasa nina akiba ya dola 4,200. Upande wa Kasapa kuna parsela, yaani kiwanja, yenye vyumba viwili visivyoezekwa, inauzwa dola 9,500, na ninataka kuwapangishia wanafunzi wa chuo kikuu kila chumba dola 50. Benki imenikataa bila kunieleza sana. Katika simu nimesoma kwamba Marekani hata mtu mwenye historia mbaya ya madeni hununua nyumba kwa kutanguliza pesa kidogo. Huku kwetu kuna mtu aliye tayari kunipa dola 5,000 nikimwachia karatasi za nyumba ya mama kule Katuba. Nitamlipa dola 750 kila mwezi kwa miezi sita, kisha nitamrudishia zile 5,000. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu yangu, naanza na karatasi za mama, kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Usizitoe. Unapata dola 700 kwa mwezi, na mtu huyo anataka 750. Maana yake ni kwamba hata usipokula, usipopanda basi na usipolipa shule ya mtoto, bado mwezi wa kwanza tu utakuwa umepungukiwa na dola 50. Baada ya miezi sita utakuwa umempa dola 4,500, na deni lenyewe la dola 5,000 litakuwa limekaa palepale, halijapungua hata faranga moja.

Kuna jambo la sheria ambalo watu wengi hawaambiwi siku ya kutia sahihi. Nchi yetu iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tarehe 12 Septemba 2012, na sheria ya OHADA kuhusu dhamana, iliyorekebishwa mwaka 2010, hairuhusu mkopeshaji kujitwalia moja kwa moja nyumba ya makazi ya mtu binafsi eti kwa sababu deni halikulipwa: ni lazima apitie mahakamani, nyumba ikamatwe kwa utaratibu na iuzwe hadharani. Kwa hiyo wakopeshaji wa mitaani, wale wanaoitwa Bank Lambert, mara nyingi hawaandiki mkataba wa mkopo. Wanaandika mauzo. Utaletewa karatasi inayosema kwamba mama ameuza nyumba kwa dola 5,000 na kwamba ana haki ya kuikomboa ndani ya miezi sita, na watu wa sheria huyaita hayo mauzo ya remere. Siku ya 181 hakuna deni la kujadili tena. Kuna nyumba iliyouzwa. Nimeketi na familia mbili zilizofika kwangu zikiwa na karatasi za namna hiyo, na katika zote mbili aliyetia sahihi alidhani anaweka rehani. Tena uliza kwanza kama nyumba ile ni ya mama peke yake. Kama baba yako alifariki na mirathi haijagawanywa, ndugu zako wote ni warithi, na kosa lako moja litawafikia wote.

Sasa nije kwenye benki iliyokukataa. Hapa kwetu hakuna alama moja inayotolewa kwa kila mkopaji kama Marekani, ambako alama hizo huenda kutoka 300 hadi 850. Tulicho nacho ni daftari la pamoja linalosimamiwa na Benki Kuu ya Kongo, sentrali ya riski, ambako benki na taasisi za mikopo hutakiwa kutangaza mikopo waliyoitoa na hali yake. Afisa aliyeshika faili lako hakuona namba; aliona hadithi: kiasi ulichokopa, siku ulizochelewa, na kama deni limefungwa au bado limeandikwa wazi. Katika kazi ya mikopo midogo tunaanza kuhangaika deni linapopita siku 30 bila kulipwa, na likipita siku 90 linahesabiwa kuwa bovu. Wewe ulifika siku 210 hivi. Hilo haliwezi kufutwa, lakini kati ya mtu aliyechelewa siku 210 akamaliza na mtu anayeonekana kuwa bado anadaiwa kuna tofauti kubwa, nami nina wasiwasi kwamba wewe unaonekana kama yule wa pili.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo nililolishika kwa mikono yangu. Nilipokuwa afisa wa mikopo, alinijia mama mmoja muuza unga wa mahindi, akiwa na mfuko wa plastiki uliojaa bordero, yaani stakabadhi za malipo, zote zimekunjwa mara nne, zingine zimefifia wino. Alikuwa amekataliwa mahali patatu. Tulizipanga mezani moja baada ya nyingine kwa tarehe, tukajumlisha, tukakuta mtaji umelipwa wote na riba imelipwa yote, ila faini ya kuchelewa ya dola 38 ilikuwa imebaki kwenye hesabu bila mtu yeyote kumjulisha. Kwa dola hizo 38 aliandikwa mdaiwa kwa zaidi ya miaka miwili. Alizilipa asubuhi hiyohiyo, na baada ya wiki chache, habari iliporekebishwa, faili lake lilianza kusomwa kwa jicho jingine. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kurudi pale ulipokopa mwaka 2022, ukiwa na bordero zako, na kuomba mambo mawili kwa maandishi: hati inayothibitisha kwamba hudaiwi tena, na uthibitisho kwamba taarifa yako kwenye sentrali ya riski imesahihishwa. Kama ulitoa dhamana, hata kadi ya pikipiki, omba pia hati ya kuiachilia. Ongeza nakala ya ripoti ya polisi kuhusu pikipiki iliyoibwa, kama unayo. Afisa mzuri hutofautisha mtu aliyepatwa na msiba na mtu aliyekimbia.

Kuhusu Marekani, ulichosoma ni kweli, lakini kinategemea kitu tusicho nacho. Kule serikali, kupitia shirika la FHA lililoundwa mwaka 1934, humdhamini mkopaji mbele ya benki. Mwenye alama 580 na zaidi anaweza kutanguliza asilimia 3.5 ya bei, na mwenye alama kati ya 500 na 579 hutanguliza asilimia 10. Nyumba inaweza kuwa na sehemu hadi nne, ila mnunuzi mwenyewe lazima aishi katika mojawapo. Benki haiogopi kwa sababu mtu akishindwa, dhamana hiyo ya serikali inabeba hasara. Hapa hasara inabaki kwa mkopeshaji, na ndiyo sababu anakuuliza maswali mengi.

Tufanye hesabu yako. Mimi sikubali malipo ya kila mwezi yapite theluthi moja ya mshahara, yaani kwako dola 233. Tuseme, kwa mfano tu, umepata mkopo wa dola 4,000 kwa miezi 24 kwa riba ya asilimia 2.5 kwa mwezi. Riba ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, ambayo huku husemwa degresifu, utalipa karibu dola 224 kila mwezi, na mwishoni utakuwa umelipa kama dola 5,368. Riba ileile ya asilimia 2.5 ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi siku ya mwisho, utalipa dola 267 kila mwezi na jumla ya dola 6,400. Namba kwenye tangazo ni moja, lakini kuna tofauti ya zaidi ya dola 1,000, na mkopo wa kwanza uko ndani ya uwezo wako ilhali wa pili umeuvuka. Kabla ya kutia sahihi popote, omba jedwali la malipo mwezi kwa mwezi, uangalie kama safu ya riba inashuka. Isiposhuka, umejua.

Sasa jumlisha: akiba dola 4,200 na mkopo dola 4,000 ni dola 8,200. Parsela ni 9,500. Umepungukiwa dola 1,300 kabla hujanunua bati moja, kabla ya milango, kabla ya gharama za kuhamisha hati. Wala usiniambie kwamba kodi ya wanafunzi itajaza pengo. Vyumba viwili vikijaa vinaleta dola 100, na malipo yako ni 224. Tena wakati wa likizo ndefu ya chuo vyumba vinaweza kukaa vitupu. Wako wanaopanga kumalizia paa kwa garanti za wapangaji, ile pesa ya dhamana mpangaji anayotoa anapoingia, wakidai miezi mingi mara moja, lakini sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji iliweka mpaka wa miezi mitatu kwa nyumba ya makazi, na garanti ni pesa utakayomrudishia mpangaji. Mkopo huu lazima ubebwe na mshahara wako peke yake. Kwa sababu hiyo nakushauri usinunue parsela ile kwa bei ile mwaka huu, na nasema hivyo nikijua kwamba umeshaipenda.

Kuna pia suala la karatasi zake. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni ya Serikali; unachonunua ni haki ya kuitumia pamoja na majengo yaliyo juu yake, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha konservatere wa hati za ardhi, kile tunachokiita sertifika. Sertifika ikishatimiza miaka miwili ni vigumu mno kuipinga mahakamani. Fishi ya parsela, ile karatasi inayoonyesha tu nani anashika kiwanja, au barua ya chifu ni mwanzo wa njia, si mwisho wake, na hipoteka, yaani rehani ya nyumba, haiwezi kuandikwa juu ya fishi: hata benki ikikupenda namna gani, nyumba hiyo haitakuwa dhamana yake. Kwa hiyo muulize muuzaji anashika nini, kisha usiishie kwenye kopi anayokuonyesha. Peleka namba ya hati kwa konservatere mwenyewe, uulize kama jina ni la muuzaji na kama kuna hipoteka au zuio juu yake, halafu upite kadasta, ofisi ya upimaji wa ardhi, kuhakikisha kwamba mipaka uliyoonyeshwa kwa mguu ndiyo iliyo kwenye ramani. Kama muuzaji ana mke wa ndoa, naye atie sahihi. Hali kadhalika wewe, kama umeoa.

Nikiwa mahali pako ningefanya hivi. Ningehamishia mshahara kwenye akaunti moja katika kopeki, yaani ushirika wa akiba na mikopo, au taasisi ya mikopo midogo iliyopewa kibali na Benki Kuu, niuache uonekane ukiingia kila mwezi kwa miezi sita. Kama una likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, na wenzako wa kazini, siku zamu yako ikifika ipeleke pesa yote kwenye akaunti kwanza, hata kama utaitoa kesho yake, kwa sababu daftari la likelemba halimwambii afisa kitu, lakini akaunti inamwambia. Kisha ningeomba mkopo mdogo wa dola 800 au 1,000, nikiweka sehemu ya akiba yangu mwenyewe kama dhamana. Utaona ni ajabu kukopa pesa ilhali unazo, na kulipa riba juu yake, lakini hapo hununui pesa: unanunua historia mpya, yenye malipo kumi na mawili yaliyofika kwa tarehe yake. Ulipe siku mbili kabla ya tarehe, si tarehe yenyewe, maana mtandao ukikatika siku hiyo kosa litaandikwa kwako.

Wakati huo, zungumza na mama na ndugu zako kuhusu uwanja wa nyumba ya Katuba, si kwa kuuweka rehani, bali kwa kuujenga. Kama kuna nafasi nyuma ya nyumba, vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, yale ya udongo wa kichuguu yanayouzwa kando ya barabara zetu zote, vitakula sehemu kubwa ya akiba yako, lakini havitakudai bei ya ardhi, na vinaweza kujengwa kwa hatua: msingi na kuta sasa, paa baada ya mkopo mdogo kwisha. Fanyeni maandishi mbele ya notere, afisa anayethibitisha mikataba, warithi wote watie sahihi, yakisema nani amelipa ujenzi, kodi inakwenda kwa nani na kwa miaka mingapi, na nini kitatokea siku familia ikitaka kuuza. Bila karatasi hiyo usiweke hata tofali moja, kwa sababu unapenda ndugu zako na ungetaka kuendelea kuwapenda. Katuba haina wanafunzi wengi kama Kasapa, lakini ina wapangaji wa mwaka mzima.

Na kama moyo wako bado uko Kasapa, mwulize muuzaji kama atakubali kulipwa kwa mafungu bila riba kwa mwaka mmoja au miwili, kwa mkataba wa notere unaoeleza kila tarehe, na hati ikae kwa notere mpaka fungu la mwisho. Wauzaji wengi watakataa, lakini parsela iliyokaa sokoni muda mrefu humfanya mtu afikiri upya. Nenda kwanza na bordero zako pale ulipokopa. Ukishapata hati ya kutodaiwa, niandikie tena, uniambie na parsela ile ina sertifika au ina fishi, ndipo tutazungumza juu ya bei.