Mhudumu kapigwa zamu ya usiku: ni kesi ya polisi tu, au mwajiri naye anahusika?

Swali

Habari za kazi. Mimi ni muuguzi msimamizi wa kituo cha afya cha binafsi, Ilemela, Mwanza. Tuko wafanyakazi 22. Usiku tunabaki muuguzi mmoja, mhudumu wa wodi mmoja na mlinzi getini. Mwezi uliopita ndugu wa mgonjwa alimpiga mhudumu wetu kwa stuli, mfupa wa mkono ukapasuka. Wiki mbili baadaye mgonjwa, mvuvi aliyelazwa kwa kuvunjika paja, alimng'ata muuguzi. Ilikuwa usiku wake wa tatu wodini. Bosi anasema la kwanza ni la polisi, la pili ni mambo ya kawaida ya wodini, na kwamba tujifunze lugha nzuri kwa wateja. Je, mwajiri hana wajibu? Na tufanye nini wakati fedha ni ndogo?

Jibu

Poleni sana, na pole zaidi kwa wenzenu wawili walioumia. Bosi wenu kapatia nusu. Kupiga mtu na kumjeruhi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo polisi wanahusika. Lakini kesi ya polisi haifuti ajali kazini. Mhudumu aliumia akiwa zamu, mahali pa kazi, kwa sababu ya kazi. Mafaili mawili yanafunguliwa kwa pamoja na hakuna linalosubiri lingine.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, ile inayosimamiwa na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inamtaka mwajiri aweke mazingira salama kwa kadiri inavyowezekana. Kadiri hiyo haiishii kwenye glavu na boksi la sindano. Hatari ambayo mtu wa kawaida kwenye kazi hiyo angeitarajia ni hatari ya kupimwa na kudhibitiwa, na sijui mtu aliyefanya kazi wodini usiku ambaye asingetarajia ndugu mwenye hasira. Mahali penu pa watu 22 panatakiwa pawe na wawakilishi wa usalama na afya walioteuliwa kwa maandishi. Kama hawapo, anzeni hapo. Ofisi ya OSHA ya Kanda ya Ziwa iko hapo hapo Mwanza, mkihitaji ushauri au ukaguzi.

Fidia inatoka WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mishahara, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Akishapata taarifa ya ajali, mwajiri ana siku 7 za kuripoti kwenye mfuko. Hapa ndipo madai mengi yanapokufa: ajali haikuandikwa usiku ule, mwajiri akasubiri "kesi iishe", na miezi sita baadaye hakuna anayekumbuka ilikuwa zamu ya nani. Kwenu siku 7 huenda zimeshapita. Ripotini hivyo hivyo, leo, mkieleza sababu ya kuchelewa. Halafu angalieni wale mnaowaita "wa kujitolea". Kama jina halimo kwenye orodha ya mishahara inayopelekwa WCF, siku mtu huyo akipigwa stuli mtaanza kubishana kama alikuwa mfanyakazi au la, na yeye mkono uko kwenye plasta.

Sasa yule mvuvi. Usiku wa tatu ndio ulionishtua, kuliko hata ile stuli.

Mtu anayekunywa kila siku akikatishwa pombe ghafla huanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24. Kuchanganyikiwa kwenyewe, kuona vitu visivyokuwepo, kupigana, huja zaidi kati ya saa 48 na 72. Hesabu tangu alipolazwa: usiku wa tatu. Simaanishi kila mvuvi ni mlevi. Paja lililovunjika nalo lina njia yake ya kumchanganya mtu, maana chembe za mafuta kutoka kwenye uboho, yale mafuta ya ndani ya mfupa, zinaweza kuingia kwenye damu zikaathiri mapafu na ubongo, kwa kawaida ndani ya saa 24 hadi 72. Dalili ni kupumua haraka, oksijeni kushuka, akili kuyumba, wakati mwingine vidoa vidogo vyekundu kifuani na kwapani. Ongeza malaria kali, sukari kushuka, maumivu yasiyopewa dawa, na kibofu kilichojaa ambacho hakuna aliyekiangalia.

Kwa hiyo mgonjwa akianza kurusha mikono, swali la kwanza ni "ana nini", siyo "ana tabia gani". Pimeni oksijeni, sukari na joto, fanyeni kipimo cha malaria, shikeni tumbo la chini mjue kama kibofu kimejaa, halafu mwiteni daktari. Na siku ya kulazwa ulizeni kila mtu mzima: unakunywa, kiasi gani, mara ya mwisho lini? Aulizwe bila ndugu kusikiliza, la sivyo atajibu "kidogo tu". Jibu liandikwe juu ya faili, ili daktari aanze dawa mapema na zamu ya usiku wa pili na wa tatu ijue. Meno yale yangeweza kuonekana yakija siku mbili kabla, na ndiyo maana siwezi kuyaita mambo ya kawaida ya wodini.

Mgonjwa wa namna hiyo si wa kukimbiliwa polisi, maana hakuwa na akili yake. Lakini jeraha la muuguzi ni ajali kazini kamili, linaripotiwa WCF kama la mwenzake.

Aking'ata, usivute. Ukivuta nyama inachanika. Sukuma mkono kuelekea mdomoni, taya litalegea, kisha toa. Akishika nywele, bana mkono wake juu ya kichwa chako kwa mikono miwili mpaka msaada ufike. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kadhaa. Kama kiko mkononi kisishonwe haraka haraka, kwa sababu kung'atwa na binadamu huoza vibaya, na daktari aamue antibiotiki. Angalieni chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B. Kama ngozi imechanika na mdomo ulikuwa na damu, dawa za kinga ya VVU zinafikiriwa usiku ule ule. Mwisho ni saa 72, zinanywewa siku 28, na ukianza ndani ya saa mbili ni bora kuliko kesho asubuhi.

Mkilazimika kumshika mgonjwa, kamwe asilazwe kifudifudi na asikaliwe mgongoni wala kifuani. Watu hufa hivyo huku waliomshika wakidhani ametulia.

Turudi kwenye stuli. Hasira za ndugu zina vituo vyake: kusubiri bila kuambiwa chochote, bili, na habari ya kifo. Lugha nzuri inasaidia, sikatai. Mama aliyetoka Kwimba akisalimiwa "mwangaluka" kabla ya kuulizwa kadi, umeshapunguza nusu ya joto, na kila zamu iwe na mtu anayeelewa Kisukuma. Ila adabu ya mhudumu haimzuii mtu aliyelewa saa 8 usiku, na mwajiri anayeanza na kuishia kwenye adabu amemwachia mfanyakazi mzigo wake.

Anzeni na chumba. Stuli nyepesi ni silaha inayosubiri mkono. Toeni zote kwenye mapokezi, na fundi wa kuchomelea awafungie benchi la watu watatu sakafuni kwa boliti. Mikasi na trei za chuma zisikae juu ya meza. Meza ya mapokezi iwe pana kiasi kwamba mtu akinyoosha mkono hakufikii, walau sentimita 90. Igeuzeni ili mfanyakazi ndiye awe karibu na mlango, maana kwenye vyumba vingi yeye hukaa pembeni na mgonjwa ndiye anayeziba njia. Mlango usiwe wa kufungwa kwa ndani na komeo ambalo mlio nje hamwezi kulifungua. Taa ya sola iwekwe kati ya wodi, maabara na choo, kwa ajili ya umeme ukikatika.

Kengele ya mlango isiyo na waya inatosha kuwa ya hatari: kitufe chini ya meza, kipaza sauti alipo mlinzi. Kosa la kawaida ni kukiweka kipaza sauti ofisini, ambako usiku hakuna mtu. Kijaribuni kila Jumatatu, betri zina kawaida ya kufa kimya kimya. Simu ya zamu iwe na salio (linaonekana jambo dogo mpaka usiku wa tukio) na namba ya kituo cha polisi cha karibu iandikwe ukutani pamoja na 112.

Mlinzi aambiwe kazi yake kwa maandishi: kengele ikilia, aache geti na aingie ndani, asimame aonekane, asirushe ngumi. Usiku ndugu mmoja kwa mgonjwa mmoja, na awe na kadi. Bili isijadiliwe usiku na mhudumu wa wodi, ni kazi ya mhasibu mchana. Habari ya kifo ipelekwe na watu wawili, wote wameketi, na mlinzi awe ameshajulishwa.

Kamba ya kitambulisho shingoni iwe ya kuachia yenyewe ikivutwa, au tumieni klipu. Stetoskopu iende mfukoni. Mtu akipandisha sauti, kaeni umbali wa mikono miwili, simameni kwa upande, mzungumzaji awe mmoja tu, na msimzibie mlango. Wenzangu mnaosoma hili mkiwa zahanati za visiwani Ukerewe, polisi wanaweza kuchelewa kufika. Kubalianeni mapema na mwenyekiti wa kitongoji na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) nani atakuja. Sungusungu pia, ila waelewane kabisa kwamba wanakuja kutenganisha, maana mgonjwa aliyechanganyikiwa akipigwa na kundi mtakuwa na majeruhi wawili.

Kubwa linalogharimu fedha ni idadi ya watu. Muuguzi mmoja na mhudumu mmoja maana yake mmoja akienda maabara, mwingine yuko peke yake. Bosi atasema hakuna bajeti, na hapo daftari la matukio ndilo litakalomjibu. Chora safu: tarehe, saa, mahali, kilichotangulia, kilichotokea, waliokuwepo, hatua. Vitisho na stuli iliyorushwa ikakosa viandikwe pia. Usiandike "ndugu alikuwa mkorofi". Andika "saa 8:20 usiku, alipoambiwa dawa haipo, alipiga meza mara mbili na kusema 'utaniona nje'". Baada ya miezi mitatu hesabuni saa na mahali. Matukio yakirundikana saa 7 hadi 10 usiku mlango wa mapokezi, mnajua mtu wa ziada awekwe wapi na kwa saa ngapi, na huenda isihitajike zamu nzima.

Mhudumu aliyepigwa apate PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kama hajapata, ingawa matibabu ya dharura hayasubiri karatasi. Mwajiri ndiye aongozane naye polisi au atume mtu, isiwe kwamba mtu mwenye mkono uliopasuka anapanga foleni kituoni siku yake ya mapumziko. Akirudi kazini asipangwe zamu ile ile wakati yule ndugu aliyempiga bado anamsindikiza mgonjwa wodini.

Mwandikieni bosi barua ya ukurasa mmoja: matukio mawili kwa tarehe, ombi la kuripoti WCF, ombi la kuteua wawakilishi wa usalama, na vitu vitatu vya kurekebisha mwezi huu (benchi, kengele, mtu wa pili wakati wa hatari). Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Mtu akifukuzwa au akilazimika kuacha kazi kwa sababu ya kulalamika, ana siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Ile tarehe ya muhuri ndiyo itakayoonyesha kwamba bosi alijua.