Kabla ya kuziba mfereji, jua nani anaupita

Wengi mnaoingia kazi ya kurudisha misitu ya kinamasi, ile inayoota juu ya mboji, mnakuja na hamu ya kupanda miti. Nami nilikuja hivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza Kalimantan ya Kati, Indonesia, tulipanda miche, tukapiga picha, tukaondoka. Kiangazi kilipoingia moto ukapita chini kwa chini, na tuliporudi hatukukuta hata vijiti vya alama.

Mboji ni majani, mizizi na magogo yaliyozama majini pasipo hewa, yakashindwa kuoza. Hujijenga polepole mno, milimita moja au mbili hivi kwa mwaka, na mahali pengine imefika kina cha mita kumi. Ukiikausha inaoza, ardhi inadidimia, na ikishika moto huungua chini ya miguu yako kwa wiki kadhaa huku juu ukiona moshi tu. Kwa hiyo anza na maji. Mche utasubiri.

Maji yaliondokaje? Mwaka 1995 serikali ya Rais Suharto iliamua kugeuza karibu hekta milioni moja ya kinamasi cha Kalimantan ya Kati kuwa mashamba ya mpunga. Ikachimbwa mifereji ya zaidi ya kilomita 4,000. Mpunga haukukubali, kwa sababu udongo ule ni mchachu, lakini mifereji iliendelea kunyonya maji, na mwaka 1997 kiangazi kikali kilikuta mboji imekauka tayari.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wageni wengi tunapokwama. Kwenye ramani mfereji ni jeraha. Kwa mvuvi ni barabara. Kikosi chetu kiliwahi kujenga kizuizi kizuri cha mbao, katikati tumejaza magunia ya udongo. Tulikuwa tumepima mwinuko wa ardhi, kina cha mboji, kasi ya maji, kila kitu. Wiki mbili baadaye tukakuta kimekatwa kwa msumeno, tena kwa ustadi, upana wa mtumbwi mmoja kamili. Mkubwa wetu alitaka kuita polisi. Mimi nilikwenda kwa mzee mmoja aliyeishi karibu, akanipakia kwenye mtumbwi wake tukapita lile pengo bila yeye kusema neno. Tulipofika kwenye mitego yake akaniuliza, "Samaki hawa mngenibebea ninyi?"

Hatukuwa tumemuuliza mtu yeyote nani anapita pale.

Kizuizi cha pili tulikijenga naye. Katikati tuliacha mlango mdogo wa kushushia maji, ambapo mtumbwi unaweza kuvutwa ukapita. Yeye ndiye aliyetuonyesha pia kwamba maji hayatoboi ukuta, yanauzunguka: mboji ya ukingoni ni laini, maji hujipenyeza pembeni mpaka yafungue njia mpya. Basi mbawa za kizuizi zikapelekwa mbali ndani ya kingo. Wenyeji wana vizuizi vyao vidogo vya zamani, huviita tabat, na kanuni yao ni bora kuliko michoro mingi niliyoona: jenga vingi, vifupi, vifuatane kama ngazi, tofauti ya maji kati ya kimoja na kinachofuata iwe ndogo. Kimoja kikubwa kinabeba shinikizo lote, na mvua kubwa ikija kinakwenda.

Kupima maji hakuhitaji mtambo. Chomeka bomba la plastiki lenye matundu, shusha futi, soma. Sheria za Indonesia zinataka maji yasishuke zaidi ya sentimita 40 chini ya uso wa mboji kwenye maeneo yanayolimwa. Msitu unataka yawe karibu zaidi na juu. Wafundisheni vijana wa kijiji kusoma, na daftari libaki kijijini. Likihamia ofisini kwenu, usomaji unakufa mradi ukiisha.

Miti sasa, kwa ufupi. Okoteni maotea chini ya miti mama iliyobaki, kama balangeran na jelutung, kisha mkiwa kitaluni myazoeshe jua taratibu, maana eneo lililoungua halina kivuli. Pandeni juu ya vichuguu vya mboji, mafuriko yasiizamishe miche. Palipoanza kuota tumih, mti unaojirudia wenyewe palipoungua, piteni tu. Na malipo yawe kwa mche ulio hai baada ya mwaka. Tulipolipa kwa kila mche uliopandwa tulipata hesabu nzuri sana na miche iliyokufa.

Kuhusu moto, msifike na mabango ya kukataza. Mkulima anachoma kwa sababu majivu hupunguza uchachu na kumpa mavuno ya msimu mmoja au miwili, naye anajua hasara yake kuliko ninyi, kwani moshi anauvuta yeye. Muulizeni shamba lisipochomwa atakula nini: samaki wa mabwawani, mikeka ya purun (nyasi za kinamasi), utomvu wa jelutung, au kingine ambacho hamkukiandika kwenye mpango. Halafu muulizeni nani atakinunua. Swali hilo la pili lilinichukua miaka kulifikia.