Maswali ya wasomaji: Gari linaloongea Kijapani, na wali wa mgeni

SWALI: Wahariri, salaam sana. Naendesha Probox kati ya Luanda na Kisumu. Kila nikiwasha, sauti ya mwanamke husema maneno ya Kijapani, kisha hunyamaza. Abiria huniuliza anasema nini. Redio nayo haishiki stesheni nyingi, na kioo cha mbele kina kibandiko chenye namba nisizozielewa. – Dereva, Luanda

JIBU: Ndugu dereva, gari lako halina ugonjwa. Maneno hayo kwa kawaida ni "Kaado ga soonyuu sarete imasen," yaani kadi haijaingizwa. Barabara kuu za Japani hulipiwa, na magari mengi yana kisanduku kinachosoma kadi ya malipo ili kizuizi kiinuke bila dereva kusimama. Kadi ilibaki na mwenyewe wa kwanza, kisanduku kikaja nawe, na kila ukiwasha kinaiulizia.

Kitafute chini ya usukani, ndani ya kabati ya dashibodi au karibu na kizuia jua. Fundi wa umeme wa magari achomoe plagi yake, basi. Asikate nyaya na kuziacha wazi, kwa sababu waya wenye moto ukigusa bodi fyuzi huungua, na pengine fyuzi hiyo ndiyo inayolisha redio.

Kuhusu redio: FM ya Japani huanzia 76, na redio nyingi za magari hayo huishia 90. Stesheni zetu zimetapakaa kati ya 88 na 108, kwa hiyo unazikosa karibu zote. Kuna kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita ekspanda, kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio. Kikiwa cha kupunguza 12, stesheni ya 98 utaipata kwenye 86. Lakini hakikusanyi masafa yote kwa pamoja, kwa hiyo mwambie fundi stesheni unazozipenda kabla hujanunua.

Kibandiko ndicho chenye mafunzo zaidi. Kinaonyesha mwaka na mwezi ambao cheti cha ukaguzi kingeisha. Gari dogo la mizigo, na Probox nyingi zimesajiliwa hivyo kule, hukaguliwa miaka 2 baada ya kununuliwa jipya, kisha kila mwaka. Gari la familia hupewa miaka 3 ya kwanza, kisha kila baada ya miaka 2. Mwaka wenyewe huhesabiwa kwa enzi ya mfalme. Enzi ya Heisei ilianza 1989, ya Reiwa ikaanza Mei 2019. Namba ya Heisei iongezee 1988, ya Reiwa iongezee 2018. Kwa hiyo 30 si 2030, ni 2018; na 4 ya Reiwa ni 2022.

Ukiona pia kibandiko cha mviringo kwenye kioo cha nyuma, hicho ni cha maegesho. Sehemu kubwa ya Japani, mtu hasajili gari kabla hajathibitisha kwamba ana mahali pa kuliegesha, pasipozidi kilomita 2 kutoka kwake. Si ukali wa bure. Karibu robo tatu ya nchi ni milima, na watu zaidi ya milioni 120 wamebanana kwenye nyanda chache na ukingo wa bahari. Ukitaka kuwaelewa Wajapani, anza na uhaba huo wa ardhi tambarare: hata pa kuweka gurudumu panahesabiwa.

SWALI: Hamjambo wahariri? Mwalimu wa kujitolea kutoka Japani atakaa kwetu wiki moja. Sisi wa Ahero tunalima mpunga, na nasikia nao ni watu wa wali. Nimpikieje asione ugeni? Na ni kweli nimwandalie ngege mbichi? – Mama, Ahero

JIBU: Mama, tuanze na ngege: mbichi, hapana. Samaki wanaoliwa wabichi Japani kwa sehemu kubwa ni wa baharini, na kuna utaratibu wa kuwagandisha au kuwakagua. Samaki wa maji baridi huweza kubeba minyoo inayomwingia mtu, na Wajapani wenyewe wanalijua hilo. Mchome. Mnyunyizie chumvi pande zote, mwache dakika 20, ufute maji yanayotoka kwa kitambaa safi, maana ndiyo yanayobeba shombo, kisha mweke kwenye makaa. Hivyo ndivyo wanavyochoma samaki nyumbani kwao. Omena pia hazitamshangaza: kwao dagaa wakavu huchemshwa kutoa supu, baada ya kuondolewa kichwa na matumbo ili supu isiwe chungu.

Wali ndipo penye kazi. Wao hula mchele wa punje fupi, nene, unaoshikana hata ukainuliwa kwa vijiti. Pishori, pamoja na harufu yake nzuri, huachana, kwa hiyo siku hiyo iache. Pima vikombe 2 vya mchele wa punje fupi. Maji ya kwanza yakoroge upesi na kuyamwaga papo hapo, kwa sababu mchele mkavu hufyonza haraka, na ukichelewa unafyonza harufu ya pumba. Osha tena mara 2 au 3, mpaka maji yabaki na ukungu kidogo tu. Loweka dakika 30, uchuje, kisha tia maji vikombe 2 na robo. Usitie chumvi wala mafuta. Tumia sufuria nzito yenye mfuniko unaobana. Yakichemka, punguza moto kabisa, uache dakika 12, uzime, halafu ungoje dakika 10 nyingine.

Wengi huharibu hapo mwishoni: hufunua kuchungulia. Mvuke ukitoka, punje za juu hubaki na kiini kigumu ilhali za chini zimeshalainika. Asiyeloweka naye hupata wali uliovurugika nje na mgumu ndani. Mwishowe geuza kwa mwiko uliolowa maji, umpakulie kwenye bakuli peke yake, mweupe, mchuzi ukae kando.

Akiwa amekuja na vijiti vyake, waambie watoto wasivichomeke wima kwenye wali. Kwao wali wa namna hiyo huwekewa marehemu. Wala wasipokezane chakula kijiti kwa kijiti, kwani ndivyo jamaa wanavyookota mifupa baada ya maiti kuchomwa.

Mwite kwa jina la ukoo na kuongeza "san". Weka slipa mlangoni, na maji ya moto ya kuoga yawe jioni: wengi wao huoga kabla ya kulala.

SWALI: Mjomba alirudi kutoka Japani na sufuria ya umeme ya kupikia wali. Tuliichomeka, ikatoa moshi, ikafa. Ilikuwa mbovu? – Msomaji, Njoro, Nakuru

JIBU: Ilikuwa nzima. Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100, wetu ni 240. Kwa koili ya joto, hiyo ni nguvu karibu mara 6 ya ile iliyotengenezewa. Adapta ya plagi hubadilisha umbo la miguu tu, volti hubaki zilezile. Kinachotakiwa ni transfoma ya kushusha 240 hadi 100, yenye wati zaidi ya chombo: kwa sufuria ya wati 600, chukua ya 1000. Fundi apime fyuzi ya joto iliyo chini ya sufuria. Ikiwa ndiyo pekee iliyokatika, bado itapona.

SWALI: Niko kidato cha nne, natamani kujifunza Kijapani. Mswahili anaanzia wapi? – Mwanafunzi, Kakamega

JIBU: Mwanetu, unaanza ukiwa na mtaji mdomoni. Irabu ni tano, a, e, i, o, u, na karibu kila silabi huishia kwa irabu, kama yetu. Kinachowaangusha wengi ni urefu wa sauti: "obasan" ni shangazi, "obaasan" ni nyanya. "Kite" ni njoo, "kitte" ni stempu, na tofauti ni kusita kidogo tu kabla ya t.

Kitenzi hukaa mwisho: "Watashi wa ugali o tabemasu," neno kwa neno, mimi ugali nala. Jifunze kwanza herufi 46 za hiragana, ishirini kila wiki, ukiziandika kwa mkono. Kisha 46 za katakana, ambazo ndizo za majina ya kigeni. Kila herufi ni silabi nzima, kwa hiyo majina ya kwetu huingia bila taabu: Nakuru ni herufi tatu, Kisumu tatu, na Kakamega yako nne, ka, ka, me, ga.