Magoti ya mama na maji ya Bath

Dada, umeuliza kama mama anaweza kuoga kwenye bwawa la Warumi mjini Bath, Uingereza, kwa ajili ya magoti yake. Hapana, maji yake msiyaguse hata kwa kidole: kuoga kulisimamishwa 1978, baada ya msichana kufa kwa maradhi ya ubongo yanayoletwa na ameba. Mpeleke bafu jipya la jirani, lililofunguliwa 2006. Maji ni ya chemchemi hizohizo, ila yamesafishwa. Joto hutuliza maumivu tu, kwa hiyo dawa asiache, na kama ana presha amwone daktari kwanza.

Bwawa la kale mlitazame, tafadhali! Maji hutoka ardhini na nyuzi joto 46 hivi. Ulizieni vile vibao vya madini ya risasi alivyoandikiwa zamani mungu wa kike Sulis Minerva: mtu kaibiwa joho, anamsihi amlaani mwizi.